Sauti ya Ikutha Haina Kuta

Mtu akisimama kwenye uwanda ulio kati ya Ikutha na Mto Athi wakati wa kiangazi, mibuyu imepukutisha majani na udongo umekauka, akapiga kofi moja, kofi hilo huondoka lisirudi. Hakuna ukuta wa kulirudisha. Hewa hulichukua kwa mwendo wa mita 340 hivi kila sekunde, vichaka vya miiba vikalimeza, basi. Akilipiga kofi lilo hilo ndani ya kanisa la mawe, sauti humzunguka: kofi lenyewe kwanza, kisha marejeo ya ukuta wa karibu, kisha ya dari, kisha mengine yasiyohesabika yanayofifia pamoja kwa sekunde moja au mbili. Na akifunga safari hadi Mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui, akasimama mita 85 kutoka kwenye uso wake, kofi litamrudia baada ya nusu sekunde, zima zima, kana kwamba upande wa pili yupo mtu anayemwigiza. Makofi matatu, mahali patatu, na sikio halikuhitaji jicho kujua lipo wapi.

Nimeanza na makofi kwa sababu humo ndimo kilimo kiini cha kile ambacho vijana wa studio hukiita ifekti, na ambacho wengine wetu tumezoea kukiita vikolezo vya sauti. Jina la vikolezo ni tamu, ila linapotosha. Linatufanya tudhani wimbo ni mchuzi uliokwisha kuiva, na prodyuza ananyunyiza bizari kidogo juu, akipenda atie nyingi, akipenda asitie kabisa. Sivyo. Kila ifekti, hata iwe ndogo kiasi gani, humwambia msikilizaji mwimbaji amesimama wapi, yuko umbali gani, na baina yao kuna nini. Humtoa mtu uwanjani ikamwingiza ukumbini, humtoa mbali ikamweka sikioni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ifekti ipi inapendeza, tuulize wimbo huu unakaa wapi, na anayeusikiliza yuko wapi. Naamini swali hilo likiulizwa kwa dhati katika Ukambani ya kusini, kutoka Mutomo na Ikutha kuvuka Athi hadi Kibwezi na Mtito Andei, mambo mengi yanayofanywa studio leo kwa mazoea yatabadilika.

Tuchukue ifekti inayotumika kuliko zote, ile wanayoiita riveba. Kazi yake ni kuigiza marejeo ya chumba. Mwaka 1947 fundi wa sauti wa Chicago, Bill Putnam, aliwarekodi Harmonicats, kundi la wapiga vinanda vya mdomo, kisha akaipeleka sauti yao chooni: spika upande mmoja, maiki upande mwingine, na vigae vikafanya kazi ya kuirudisharudisha. Rekodi ile hutajwa kuwa ya kwanza ya muziki wa kawaida kutumia mvumo wa bandia kwa makusudi ya kisanaa. Miaka kumi baadaye, 1957, kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa mtambo uliokuwa na bamba kubwa la chuma limening'inizwa ndani ya sanduku, uzito wake zaidi ya kilo 200. Sauti ililitikisa bamba na mtikiso ukafanana na ukumbi. Zikaja springi ndani ya amplifaya za gitaa. Leo ni programu ya kompyuta, na kitufe kimoja humpa mwimbaji kanisa kuu la Ulaya bila yeye kutoka nje ya chumba chenye kitanda.

Kwa nyimbo za kwaya sina ugomvi na riveba. Ikutha ina historia ndefu ya kanisa: wamisionari wa Kilutheri kutoka Bavaria walifungua kituo chao hapo mwaka 1891. Wimbo wa ibada umezaliwa chini ya paa, na ukirudishiwa paa lake hauonewi. Lakini benga ya Kikamba haikuzaliwa chini ya paa. Ni muziki wa uwanjani, wa sherehe na soko, na zaidi ya yote ni muziki wa habari: nani amemdhulumu nani, mahari imefikia wapi, mji mkuu umemfanya nini kijana wa watu. Kikamba kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na zile zinazoandikwa ĩ na ũ zimekaa jirani kabisa na wenzao. Mwimbaji hutamka silabi tano au sita kwa sekunde bila shida. Mpe riveba yenye mkia wa sekunde mbili, na silabi kumi zitakuwa hewani pamoja, irabu zimerundikana juu ya irabu. Hapo ukumbi umepatikana, habari imepotea. Fundi makini anajua dawa: huufupisha mkia, au huacha mwanya mdogo wa sehemu 30 au 40 kati ya 1,000 za sekunde kabla mvumo haujaanza, ili neno litangulie kufika na chumba kifuate nyuma yake. Tofauti hiyo haigharimu chochote, ila yahitaji mtu anayejali maneno.

Ndugu yake riveba ni mwangwi, studio wanasema dilei: sauti kurudi ikiwa nzima, kama pale Nzambani. Zamani ulipatikana kwa kanda ya sumaku kupita mbele ya vichwa viwili, kimoja kinarekodi na kingine kinasoma nyuma yake kidogo. Mtambo wa Roland uitwao Space Echo, uliotoka 1974, ulikuwa wa namna hiyo. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, mwangwi wa robo sekunde huangukia katikati kabisa ya pigo na pigo. Sasa sikiliza magitaa ya bendi za benga: ya Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, ya Kyanganga Boys, au ya Lower Mbooni Boys. Gitaa la kwanza linasema. La pili, juu kabisa, jembamba, linazungukazunguka chini kwa chini na kuijaza kila nafasi iliyoachwa na la kwanza, bila kugongana nalo. Wanamuziki wa Ukambani waliusuka mwangwi kwa vidole. Walichofanya hakina tofauti kubwa na kile mtambo wa Roland uliundwa kufanya, ila chao kina akili: gitaa la pili linajua lini linyamaze. Ndiyo sababu dilei ikimwagwa juu ya magitaa haya haiongezi kitu. Huziba zile nafasi ambazo muziki wenyewe unaishi ndani yake, na ususi unageuka kitambaa kilichotota. Dilei kwenye neno la mwisho la ubeti, mara moja, magitaa yakiwa yametulia, hilo ni jambo jingine, na huweza kusisimua sana.

Isidhaniwe kwamba nataka ifekti chache tu. Zipo mbili ambazo Ikutha inazihitaji kuliko Nairobi, na hazitajwi sana kwa sababu zikifanywa vizuri hazisikiki. Fikiria mahali muziki huu unaposikilizwa: spika ndogo ya bodaboda, redio ya betri juu ya meza ya ndengu, simu iliyotiwa mfukoni mwa shati, matatu inayopandisha barabara ya Kibwezi kwenda Kitui na madirisha wazi. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo. Koni yake ni ndogo mno kusukuma hewa kwa kiasi kinachotakiwa. Basi besi hupotea, na benga bila besi ni ngoma bila miguu. Lakini sikio la mwanadamu lina maajabu yake. Uzi ule haupigi mtetemo mmoja tu. Juu yake kuna mitetemo ya mara 82, 123, 164 na kuendelea. Ubongo ukipata ile ya juu, huijaza ya chini wenyewe, ukaisikia besi ambayo kwenye spika haipo. Kazi ya fundi, basi, ni kuipa ile mitetemo ya juu nguvu, na njia ya kufanya hivyo ni kuichafua besi kidogo: distoshani, ile ile inayofanya gitaa la roki likwaruze, lakini kwa kiasi cha chumvi kwenye ugali. Kwenye spika kubwa za studio huenda usiione tofauti. Kwenye redio ya meza ya ndengu ndiyo tofauti kati ya wimbo unaotembea na wimbo unaochechemea.

Ya pili ni kompresa. Ichukulie kuwa mkono wa mtu makini aliyekaa kwenye kitufe cha sauti usiku kucha: mwimbaji akipaza, mkono unashusha, akinong'ona, unapandisha. Ikipangwa kwa kipimo cha nne kwa moja, sauti iliyovuka kikomo kwa desibeli 8 huruhusiwa kutoka na 2 tu. Kwa msikilizaji aliyevaa spika za masikioni chumbani, kompresa nyingi huchosha, kwa sababu kila kitu kinakuwa karibu na hakuna pumzi. Kwa abiria wa matatu ni kinyume: bila kompresa atasikia kelele za kiitikio tu, na ule mstari wa chini chini ambamo mume anaungama utamezwa na injini. Tahadhari moja tu. Vituo vya redio navyo vina mitambo yao ya kubana sauti kabla ya kuirusha, kwa hiyo wimbo uliobanwa studio hadi ukawa bapa hubanwa tena redioni, na hapo unafika masikioni kama chapati iliyopitiwa na gari.

Sasa nifike kwenye ifekti inayozua maneno mengi kuliko zote, na ambayo naiona ndiyo jaribio halisi la hoja yangu. Auto-Tune ilitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, Mmarekani aliyekuwa ametumia miaka mingi kuchambua mitetemo ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Hesabu za kutambua mwangwi wa miamba alizigeuza zitambue kimo cha sauti ya mwimbaji, kisha programu ikaivuta sauti hiyo hadi kwenye noti iliyo karibu. Mwaka uliofuata Cher alitoa Believe, ambamo kasi ya kuvuta iliwekwa juu kabisa, na dunia ikasikia sauti ya mtu ikipanda na kushuka kama ngazi, bila mteremko. Toka hapo imekuwa kila mahali. Kwa kawaida programu hii hupangwa kwa vipande 12 vilivyo sawa, vile vile vya kinanda, na sauti yoyote iliyo kati ya kipande na kipande huhesabiwa kuwa kosa.

Tatizo ni kwamba Kikamba ni lugha ya toni. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulionja jambo hili kwa neno moja: barabara ya magari na barabara kwa maana ya sawasawa zimeandikwa kwa herufi zile zile, na kinachozitenganisha ni mahali sauti inapoinuka. Katika Kiswahili huo ni mfano wa nadra, unaofundishwa shuleni kama kichekesho. Katika Kikamba ndiyo kawaida ya lugha. Wataalamu huhesabu ngazi nne za toni, ya juu na ya chini, na zaidi ya hizo ya juu sana na ya chini sana. Na toni hubeba maana ya maneno na hata nyakati za vitenzi. Zaidi ya hayo, sauti haikai kwenye ngazi moja ikarukia nyingine. Huteleza. Mwimbaji wa Kikamba anayeshuka taratibu mwishoni mwa mstari hajakosea noti, anazungumza. Programu iliyowekwa kwenye kasi ya juu huukata mteremko ule vipande viwili au vitatu vilivyonyooka, na kile kilichokuwa neno kinakuwa sauti tu. Tena jambo hili halikuanza leo. Nyimbo za Ulaya zilipoletwa Ikutha na misheni, nazo zilikuja na ngazi zao zilizopimwa, na maneno ya Kikamba yakatakiwa yapande na kushuka kwa kufuata tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine kabisa. Auto-Tune inairudia amri ile ile, ila kwa haraka zaidi na bila mwalimu wa kwaya wa kumwuliza.

Atanijibu mtu kwamba hata waimbaji wa zamani hawakufuata toni za usemi hatua kwa hatua, na kwamba msikilizaji hulielewa neno kwa muktadha. Ni kweli, na ni hoja nzito. Hakuna wimbo unaofuata usemi moja kwa moja. Kama ungefuata ungekuwa usemi. Lakini tazama ni nani anayefanya uamuzi. Mtunzi akiamua hapa tuni ishinde na neno linyongwe kidogo, ameamua akiijua lugha, naye huchagua mahali ambapo maana itasalimika. Programu haijui Kikamba. Hunyonga kila mahali kwa usawa. Na dawa imo ndani ya programu yenyewe: kuna kipimo cha kasi, ambacho kikipunguzwa huiacha sauti iteleze kabla ya kuisogeza, na kuna uwezo wa kuchagua noti moja iliyoharibika na kuiacha mistari mingine kama ilivyo. Ifekti si mkosaji hapa. Mkosaji ni mpango uliokuja nayo kutoka kiwandani, ukaachwa bila kuguswa.

Wako pia wanaosema turudi kwenye muziki safi usio na ifekti hata moja. Nawaheshimu, kwa sababu wanachokililia ni cha thamani, ila muziki huo haujapata kuwapo. Hugh Tracey alipopita Kenya mwaka 1950 na 1952 kurekodi muziki wa wenyeji, alikuwa na desturi ya kuishika maiki mkononi na kuisogeza karibu na chombo au sauti aliyotaka isikike. Huo tayari ni uamuzi wa nani awe mbele na nani awe nyuma, na ukiugeuza kuwa vitufe umepata nusu ya kazi ya studio. Kabla ya Tracey, wachezaji wa Kikamba walivaa njuga miguuni na kupuliza filimbi, na njuga ni nini ikiwa si mkwaruzo uliowekwa kwa makusudi juu ya pigo la ngoma? Huko Kinshasa, wanamuziki wa kundi la Konono No. 1 waliunganisha likembe zao, vinanda vidogo vya kupigwa kwa vidole gumba, na vipaza sauti walivyovitengeneza kwa sumaku za magari mabovu; mkwaruzo uliotoka humo haukuwa umepangwa, wakaupenda, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikaupeleka duniani. Magitaa ya bendi za dansi za Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980 nayo mara nyingi yalipitia feiza, kifaa kinachoigawa sauti mara mbili, kikaisogeza kidogo mitetemo ya moja na kuzirudisha pamoja, hata gitaa likawa kama linapumua. Anayeililia sauti safi ya zamani, mara nyingi anakililia kifaa hicho bila kujua jina lake.

Kwa vijana wanaosema kwamba sauti ya roboti ndiyo inayouza, jibu langu ni fupi. Kwa wimbo wa kuchezwa, wenye maneno sita yanayorudiwa, iwekeni, na kasi ya kuvuta iwe ya juu kabisa. Sauti hiyo ni barakoa, na barakoa ina mahali pake katika ngoma za Afrika tangu zamani. Lakini wimbo wenye habari una mteja wa aina nyingine. Kakai Kilonzo aliimba Kikamba, akaimba na Kiswahili, na kwa Kiswahili akawafikia watu wa Kenya nzima. Alifariki 1987, na nyimbo zake bado zinachezwa na kusimuliwa. Zinasimuliwa kwa sababu maneno yanasikika.

Inabaki hoja ya pesa, kwamba studio ndogo ya Ikutha au Mutomo haiwezi kufanya haya. Mengi ya hapa hayahitaji pesa. Programu ya bure kama Audacity ina kompresa, ina riveba na ina ikwalaiza ya kupandisha na kushusha besi. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji huua mvumo mbaya wa kuta za saruji na bati, ambao hakuna programu inayouondoa vizuri ukishaingia. Na umbali wa mdomo na maiki ni ifekti ya bure kuliko zote: ukiupunguza kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6 hivi, na kwa maiki nyingi za kuimbia besi ya kifua huongezeka kadiri mdomo unavyosogea, ndiyo maana watangazaji wa redio husikika kama wazee wenye busara. Mistari ya kuungama iimbwe karibu, kiitikio kiimbwe hatua moja nyuma, na nusu ya kazi ya kompresa na riveba imefanyika kabla kompyuta haijawashwa.

Kazi ikiisha, ipimwe pale itakapoishi. Itiwe kwenye simu, simu iunganishwe na spika ndogo, spika iwekwe juu ya meza ya muuza ndengu, kisiagi cha mahindi kikinguruma upande wa pili wa barabara. Aulizwe mama ambaye hajawahi kuusikia wimbo huo: ni nani aliyetoroka, anadaiwa mbuzi wangapi, na amekimbilia kijiji gani? Akitaja jina na idadi ya mbuzi lakini kijiji kikamponyoka, prodyuza ameshajua ni mstari upi wa kurudia, na ni mkia wa gitaa lipi wa kuufupisha kwanza.